Sindano ya Jumatano

Kinoti hakuwa na gari. Hakuwa na urefu wa kujivunia, wala ndevu za kujaza kiganja. Hakuwa na shangazi wala mjomba katika jiji zima la Toronto, hakuwa na shahada ya kutundika ukutani, hakuwa na glavu ya mkono wa kushoto kwa sababu aliisahau kwenye basi, na asubuhi ile ya Januari, katika stesheni ya Weston iliyofurika watu waendao kazini, hakuwa hata na koti linalofungika. Zipu ilikuwa imeuma kitambaa karibu na kitovu na ikakataa kwenda juu wala chini.

"Wewe zipu," aliigombeza kwa Kiswahili, "nimekukosea nini?"

Donatienne, aliyesimama mbele yake akingoja treni, aligeuka. Alikuwa amevaa koti jekundu la sufi lililomfika magotini, buti nyeusi, na kilemba cha kitenge cha manjano kilichochungulia chini ya kofia. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee katika nyumba yao huko mjini, karibu na ziwa. Kila siku kabla ya saa tatu alikuwa ameshawavisha watu tisa, na hakuweza kuvumilia kuona nguo ikiteswa.

"Simama wima," alimwambia. "Inua kidevu."

"Nani, mimi?"

"Ni wewe. Unataka niiambie treni?"

Aliinama, akachomoa uzi ulionaswa, akaipandisha zipu taratibu mpaka chini ya kidevu. Kinoti alinukia sabuni na mafuta ya mashine. Macho yake yalikuwa makubwa na yenye adabu.

"Huwa unawafunga makoti wanaume wote wa stesheni hii?"

"Wa chini ya miaka themanini, wewe ndiye wa kwanza."

Kinoti alicheka. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na Donatienne akatamani kuisikia tena.

"Mimi ni fundi wa lifti," Kinoti alisema. "Napandisha watu ghorofa thelathini, halafu zipu inanishinda. Tafadhali usimwambie mtu."

"Nitamwambia nani? Sikujui jina."

Akamwambia jina, na treni ilipofika walikuwa wameshapeana namba.

Kuanzia hapo simu haikupoa. Kinoti alipiga akiwa kazini juu ya mapaa ya maghorofa, upepo ukivuma ndani ya maneno yake.

"Cheri," Donatienne alimwita mpenzi wake kwa Kifaransa, "umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mungu yangu! Mkate tu? Mwanaume mzima?"

"Si unipikie basi."

"Kwani nimeolewa nawe?"

"Bado. Na unavyoninyima chakula, sijui kama nitakuoa."

Mwezi wa pili Donatienne alikwenda kumpikia, katika chumba chake kidogo chenye dirisha lililotazama mto Humber ulioganda. Alikata kitunguu, akakata na kidole. Akakimbilia bafuni kutafuta plasta, akafungua kabati, akasimama palepale.

Sindano. Sindano nyingi, safi, katika karatasi zake, chupa ndogo ya dawa, na kile kisanduku cha manjano cha kutupia sindano zilizotumika, sawasawa na cha kazini kwake. Lakini chupa hakuisoma. Kazini alifundishwa kwamba dawa ya mtu ni siri ya mtu, na kwao Bukavu, huko Kongo, alilelewa hivyohivyo, kwamba ugonjwa wa mtu hautajwi mbele yake. Akafunga kabati, akafunga kidole, akarudi jikoni.

Kinoti alikuwa amesimama kando ya jiko, uso umemwiva.

"Umefungua kabati la bafuni?"

"Nimefungua."

"Basi umeona."

"Nimeona. Cheri, usinieleze kitu. Mimi nashika sindano kila siku. Haibadilishi chochote. Wewe ni Kinoti wangu, basi."

Kinoti aliketi sakafuni akalia, mabega yakimtikisika kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa ameubeba tangu utotoni. Donatienne alimshika kichwa, naye moyoni akashangaa. Kweli kisukari ndicho cha kumliza mtu mzima namna hii? Mbona wazee wake kazini walikuwa nacho, na walichokililia ni biskuti tu?

Tangu siku hiyo, chai ya Kinoti haikuwekwa sukari. Mandazi yalipigwa marufuku. Alipakuliwa sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, maharage na ugali wa mtama, na kila baada ya chakula alitolewa nje akatembezwe nusu saa kando ya mto. Naye alitii kila kitu. Alidhani ndivyo watu wa Bukavu wanavyopenda.

Ilipofika mwezi wa tano walikuwa wakizungumza ndoa. Baba yake Donatienne, Mzee Léonard, alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Edmonton kwa mwanawe mkubwa, na hakukubali jambo la ndoa lizungumzwe kwa simu. Alitaka barua, ya karatasi na ya mkono, imweleze mtu huyo ni nani na watu wake ni nani, ndipo afungue mlango. Donatienne alikuwa ameshanunua bahasha.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Winfred aliwaalika chakula. Alikuwa muuguzi Mkenya, mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama. Aliishi ghorofa ya kumi na moja. Kulikuwa na pilau, kuku, kachumbari, na keki yenye krimu nyeupe. Kinoti, katika shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likang'aa, alinyoosha mkono kuelekea keki.

"Kinoti! Weka chini hiyo!"

"Aki mama, kipande kimoja tu."

"Na sukari yako je, mwanangu? Kila Alhamisi tunafunga kwa ajili yako, halafu wewe unatuharibia na krimu?"

Kinoti alicheka. "Sukari gani? Mimi sina sukari. Nilipimwa juzi juzi, daktari akaniambia damu yangu ni safi kama maji."

"Ameponywa!" alipaza sauti Mama Winfred, na akina mama wakaitikia kwa vigelegele.

Donatienne hakupiga kigelegele. Alimshika Kinoti mkono wa shati akamtoa mpaka kwenye korido, mbele ya lifti.

"Kama si sukari," aliuliza polepole, "ile sindano ni ya nini?"

Kinoti alimtazama, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Donatienne. Ulisema umeona."

"Niliona sindano!"

"Hukusoma chupa?"

"Mimi sisomi chupa za watu!"

Ikawa zamu ya Kinoti kupigwa na butwaa. Aliegemea ukuta. Miezi mitatu alikuwa amelala usingizi mzuri akiamini kwamba jambo gumu kuliko yote lilishasemwa jikoni kwake na likapokelewa.

"Ni homoni," alisema. "Testosteroni. Ni homoni ya kiume, najidunga kila Jumatano. Mimi ni mwanaume, Donatienne, lakini nilipozaliwa waliniona wakaniita msichana. Nilidhani unajua. Mungu wangu, nilidhani unajua."

Lifti ilifika. Milango ikafunguka, na watu wawili wenye vikapu vya nguo chafu wakawatazama.

"Mnashuka?" aliuliza mmoja kwa Kiingereza.

Milango ikajifunga.

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Sema unanitania, Kinoti."

"Siwezi."

Donatienne alirudi ndani, akachukua mkoba wake bila kuaga, akapita mbele yake, akashuka ngazi za ghorofa kumi na moja kwa viatu vya kisigino kirefu. Hata hakukumbuka kwamba lifti ilikuwepo.

Siku nne za kwanza alikuwa na hasira tu. Alifuta picha, akazirudisha, akafuta tena. Mélissa, mwenzake wa kazini, alimwuliza mbona amemvisha bibi mmoja sweta nje ndani. Siku ya tano aliona haya, kwa sababu alikumbuka kwamba ni yeye aliyezitangaza sindano za mwenzake kwa akina mama kumi na wawili, kila Alhamisi, na kwa jina.

Siku ya sita Mama Winfred alipiga.

"Binti yangu, mmegombana? Ni ile sukari?"

"Hana sukari, mama. Nilikosea mimi."

"Basi ana nini?"

"Hana kitu. Mimi ndiye niliyepayuka. Msimwombee tena ugonjwa asiokuwa nao."

Mama Winfred akakata simu bila kumwombea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mshtuko mkubwa ulimjia siku ya nane, ndani ya treni, katikati ya watu. Donatienne aligundua kwamba kwa juma zima alikuwa akipekua kumbukumbu zake zote za Kinoti, moja moja, akimtafuta humo mwanamke. Alipekua mikono, kicheko, anavyokaa, anavyonyoa mbele ya kioo kidogo huku akiimba vibaya. Na mwanamke hakumpata. Kila alipopekua alimkuta Kinoti. Alishika mdomo, na abiria wa mbele yake akamwuliza kama ni mgonjwa.

Siku ya tisa, saa sita mchana, alipiga simu.

"Hallo," Kinoti alijibu, upepo ukivuma nyuma yake.

"Uko juu ya paa?"

"Niko juu ya paa."

"Shikilia kitu. Nina maswali."

"Nimeshikilia."

"Mengine ni ya aibu."

"Ya aibu nitakwambia ni ya aibu, na nisipotaka sitajibu. Tukubaliane hivyo?"

"Tukubaliane."

Walikutana saa kumi na moja kando ya mto, maji yakiwa yamejaa na yakikimbia. Kinoti alikuwa amekonda. Walikaa kwenye benchi, mkoba wa Donatienne katikati yao kama mpaka wa nchi mbili.

"Ulijua lini?"

"Nilijua kabla sijajua kusoma. Maneno yake ndiyo niliyoyakosa. Niliyapata hapa, nilipokuja chuo nikiwa na miaka kumi na tisa. Niliyatumia nikiwa na ishirini na sita."

"Na hiyo sindano, ni mpaka lini?"

"Labda maisha yote. Imenipa sauti hii, na hizi ndevu unazozicheka. Kifua nilifanyiwa upasuaji miaka minne iliyopita."

"Halafu kuna nini tena? Yaani, ngazi ya mwisho ni ipi?"

"Hakuna ngazi ya mwisho. Unamkumbuka Ameer, ninayefanya naye kazi?"

"Yule mrefu mwenye vitabu?"

"Yeye ni kama mimi, na ameniruhusu nikwambie. Hajadungwa sindano hata moja. Alibadili jina na mavazi, akatosheka. Mwingine hufanya upasuaji, mwingine dawa tu, mwingine vyote, mwingine hakuna. Si kwamba mmoja amefika na mwingine yuko njiani. Kila mtu ana njia yake, na wote ni wanaume."

Donatienne alifikiri. "Jina lako la zamani lilikuwa nani?"

"Hilo ni la aibu. Silitumii, na sitaki ulibebe. Kinoti ni jina la babu yangu. Kwetu Meru mtoto hupewa jina na wakubwa. Mimi nilijipa mwenyewe."

"Na baba yako?"

"Mama hunipigia siku za sikukuu. Baba hajasema nami mwaka wa sita sasa."

Hapo Donatienne alishtuka tena, na safari hii kwa uchungu. Miezi yote hiyo alikuwa akimtania kwamba simu yake haipigwi na ndugu.

"Watoto je? Mimi nataka watoto, Kinoti. Siwezi kukudanganya."

"Nami nawataka. Mimba siwezi kuibeba mimi. Kuna hospitali, kuna mbegu za mtu aliyejitolea, kuna kuasili. Zote ni safari ndefu. Hiyo nayo siwezi kukudanganya."

"Na yale ya chumbani?"

"Hayo tutayazungumza tukiwa wawili, si mbele ya bata hawa."

Donatienne alicheka bila kutaka, kisha akalia, kisha akautoa mkoba katikati akauweka chini.

"Nilikuombea sukari, cheri."

"Na mimi nikakula sombe miezi mitatu. Tumelipizana."

Waliketi mabega yakigusana. Hatimaye Kinoti aliuliza, "Barua ya mzee?"

"Naweza kumwandikia kazi yako na tabia yako, nikaishia hapo. Hilo jingine ni siri yako, si yangu kuitoa."

"Halafu siku moja aje kuambiwa na mtu wa kanisani? Hapana. Niliishi kwa kujificha miaka mingi, sitaki kuingia kwenu hivyo. Siri naitoa mimi. Iandike."

"Anaweza kukataa."

"Najua."

"Anaweza kunikataa na mimi."

Kinoti aliwatazama bata. "Basi, uamuzi uwe wako. Sitakusukuma."

Jumamosi asubuhi Donatienne aliandika, kwenye meza ya Kinoti, kwa kalamu ya wino, akipumua kama mtu anayepanda mlima. Alipomaliza alimsukumia karatasi. Kinoti alisoma yote, akaweka kidole juu ya mstari mmoja: *Papa, zamani alikuwa mwanamke.*

"Hapa," alisema kwa upole. "Sikuwahi kuwa."

Donatienne aliutazama ule mstari. Angeweza kuukata kwa wino, lakini alimjua baba yake, kwamba angeusoma hata chini ya wino, na kuliko hilo, alikuwa ameanza kumjua Kinoti. Alichana karatasi nzima, akaanza upya kutoka tarehe. Mara hii aliandika: *Papa, alipozaliwa walimwona wakamwita msichana, na walikosea. Ni mwanaume, ndiye ninayemtaka, na amekubali mwenyewe nikwambie, kwa kuwa hataki kuingia nyumbani kwako kwa uongo. Sikuombi uelewe kwa siku moja. Mimi mwenyewe nilichukua tisa.* Akatia sahihi jina lake lote, la ubatizo na la ukoo.

Waliteremka pamoja mpaka kwenye sanduku jekundu la posta, pembeni mwa barabara ya Weston. Donatienne aliulamba ukingo wa bahasha, akaufunga, akaupitishia kidole gumba mara mbili. Kinoti hakumgusa, akasubiri tu.

Donatienne akavuta mlango wa sanduku, akaiachia barua. Wote wawili waliisikia ikigonga chini.