Ufunguo wa Ghala la Kabichi

— Dada Honorata, hilo kopo umelitoa wapi?

Bogna alikuwa bado ameshika maua mkononi, hata kofia hajavua. Ilikuwa siku ya jina la Honorata, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, naye ndiye mwenye mgahawa wa karibu na stesheni ya Białystok, na siku ya jina hakuna kualikwa: unachukua maua yako, unagonga mlango. Na huyu alikuwa mteja mkubwa wa bia ya mchumba wake, angekosaje kwenda?

Juu ya kabati la sebuleni yalipangwa makopo matupu ya bia za ng'ambo, yameoshwa yanang'aa. Tangu mipaka ifunguliwe, nyumba isiyo na makopo juu ya kabati ilionekana ya washamba. Katikati lilikaa moja jeusi, lina picha ya kulungu wa dhahabu.

— Zuri, eh? Kaniletea mtu wangu. Hilo bado halijaingia sokoni, mji mzima ninalo peke yangu!

Bogna akalishusha, akaligeuza. Chini zilikwaruzwa herufi mbili, B na L. Alizikwaruza yeye mwenyewe kwa pini ya nywele, jioni ile Lucjan alipomvisha pete, wakanywa bia ya kopo hilo kwa zamu huku wakicheka. Baadaye Lucjan akaliomba, eti mama yake kule Suwałki analitaka aweke juu ya kabati.

— Mtu wako nani, dada?

— Lucjan, wa bia ya Falkensund kutoka Denmaki. Mbona unamjua! Si wewe ndiye mwenye ghala?

— Mwenye nini?

— Ghala! Kanieleza, kuna binti ana ghala la kabichi la marehemu baba yake, liko chini ya ardhi, bia haigandi humo. Akasema nikikuona nikuchangamkie, usije ukabadili mawazo kabla mzigo haujaingia.

Alikuwa anacheka. Kisha macho yake yakaangukia pete, kicheko kikakatika.

— Hiyo pete ni ya nani?

— Ya Lucjan. Tunafunga ndoa Jumamosi.

— Mungu wangu! Mimi kaniahidi baada ya Pasaka!

Loo! Wanaume wengine, ndugu zangu, kalenda yao ina harusi nyingi kuliko sikukuu za kanisa.

Bogna alirudi nyumbani. Simu ilikuwa inalia. Ni Lucjan, yuko forodhani.

— Haloo, kipenzi! Lori limeruhusiwa, kesho asubuhi niko hapo. Ghala umelifagia?

— Kopo letu liko wapi, Lucjan?

— Si nilikwambia? Kwa mama, Suwałki. Kila siku analifuta vumbi, anakusalimia sana.

— Haya. Njoo kesho.

Akakata simu, akamwangukia mama yake mzazi pale jikoni, akamweleza yote huku analia kwa kwikwi.

— Mwanangu, huyo mtu usimfungulie.

— Nampenda, mama.

— Najua. Ndiyo maana nakwambia.

— Labda anayedanganywa ni Honorata. Labda mimi ndiye ninayependwa.

Mama akamvuta karibu. Alimkuna mgongo tu, kama alivyokuwa akimkuna utotoni akiwa na homa. Moyo ukipenda huwa unajitafutia mawakili, na wa Bogna ulikuwa nao tele.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Lori likasimama mbele ya ghala, karibu na nyumba yao, Lucjan akaruka chini, mvuke unamtoka mdomoni.

— Fungua, mpenzi, fungua! Mzigo umeanza kuganda!

— Kopo letu nimeliona kwa Honorata.

Akasimama. Akajikuna shingo. Akajaribu kucheka.

— Ah, yule! Yule ni biashara, Bogna. Namshikilia tu asihamie kwa wauzaji wengine. Hana lolote kwangu, naapa.

— Na mimi?

— Wewe ndiye mke wangu!

Na Bogna, msimcheke, aliamini. Alitaka kuamini. Akamshika mkono.

— Basi twende kwake sasa hivi, ukamwambie maneno hayohayo mbele yangu. Tukirudi nafungua, nashusha makasha na wewe mpaka la mwisho.

— Sasa hivi? Umerukwa na akili?

Ndani ya lori kopo likapasuka, pa! Likafuata jingine. Lucjan akageuka kama amepigwa kofi.

— Nusu saa tu, Lucjan. Sikuombi kingine maishani.

— Nusu saa mzigo wote umekwisha! Na Honorata akinuna, bia namuuzia nani? Acha utoto, lete ufunguo. Mapenzi tutayaongea baadaye!

Alinyoosha mkono kuupokea. Hakumtazama Bogna usoni, alikuwa anatazama lori. Hapo wale mawakili wote wa moyo wakanyamaza. Bogna akavua glavu, akavua pete, akaiweka kwenye kile kiganja.

— Chako ni hiki. Ghala ni la baba yangu.

— Bogna! Bogna, nitafilisika mimi! Bogna!

Aliingia ndani ya nyumba, akafunga mlango, akakaa karibu na jiko bila kuvua koti. Huko nje makopo yalikuwa yanapasuka mfululizo, na Lucjan anapiga kelele kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kumbembelezea.

— Anakuita, mwanangu, mama akasema.

— Anaita ufunguo, mama. Mimi hajawahi kuniita.

Akalia mpaka koti likalowa kifuani, na mama hakumwambia anyamaze.