Kitufe Kilichofunga Lango

Kila asubuhi Mama Dimitra aliwasha jiko la kuni, akabandika chai ya majani ya mlimani, kisha akavaa miwani na kufungua simu yake. Hakusoma habari. Alisoma Tefter.

Tefter ilikuwa programu ya simu. Mkwe wake, Vesela, ndiye aliyeitengeneza, katika chumba cha juu cha nyumba hiyohiyo, hapo mjini Tryavna. Neno Tefter maana yake ni daftari, na kazi yake ilikuwa ya daftari. Unaandika jambo unalotaka kufanya. Ukilimaliza, unalipitishia kidole, nalo linakatwa mstari. Basi.

"Choma pilipili hoho," Mama Dimitra alisoma kwa sauti. "Mrudishie Radko chupa yake ya asali. Hii nimeifanya jana." Akapitisha kidole. "Kwaheri, chupa."

Watu elfu mbili walitumia Tefter. Ognyan, mume wa Vesela na mwana wa Mama Dimitra, ndiye aliyejibu barua zao. Shida ilianzia kwenye barua hizo.

"Kuna mtu wa Varna anataka rangi," Ognyan alisema wakati wa chakula. "Mwingine anataka ukimaliza kazi upewe nyota. Mwingine anataka kalenda."

"Na mimi nataka chumvi," mama yake alisema. "Nisogezee."

Vesela aliweka kijiko chini. "Walioandika barua ni wangapi?"

"Arobaini."

"Na wengine wote?"

"Wamenyamaza."

"Wamenyamaza kwa sababu wako kazini, Ognyan. Daftari linawatosha."

"Programu isiyokua inakufa," Ognyan alisema. "Wenzetu wanaongeza kitu kila mwezi. Sisi tutaonekana tumelala."

Vesela alibisha wiki mbili, kisha akachoka kubisha. Kiangazi kile aliongeza rangi. Akaongeza nyota. Akaongeza kalenda, kengele, na ngazi tano za umuhimu. Kila kimoja kilikuwa kidogo, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Hakuna kitufe kinachokuja na uzito wa kuvunja meza. Lakini ilipofika Oktoba, ukurasa uliokuwa mtupu ulikuwa na vitufe kumi na vinne. Orodha yenyewe ilibanwa chini, kama mwenye nyumba aliyehamishiwa jikoni na wageni wake.

Cha kumi na nne kilikuwa fahari ya Ognyan. Ukiandika sikukuu kwenye orodha, programu inajitolea kuwaalika watu walio kwenye simu yako.

*

Tarehe ishirini na sita Oktoba ni siku ya Mtakatifu Dimitar. Ni siku ya jina ya kila Dimitar na kila Dimitra, yaani sikukuu ya mtakatifu wanayeitwa kwa jina lake. Mume wa Mama Dimitra alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo nyumba ilijaa watu mara moja tu kwa mwaka: siku hiyo. Watu thelathini, wakati mwingine arobaini. Aliingoja kuanzia majira ya kuchipua.

Wiki moja kabla, aliandika kwenye Tefter: "Siku ya Dimitar. Unga, jibini, viti vya Kalina."

Siku yenyewe alioka banitsa sita, zile za tabaka nyembamba za unga na jibini. Akapika kondoo kwenye chungu kikubwa. Akapanga viti alivyoazima kwa Kalina, mwalimu wa nyumba ya kusomea. Akafungua lango la barabarani, akaliegemeza jiwe lisijifunge.

Saa kumi na moja jioni hakuna mtu. Saa kumi na mbili hakuna mtu. Jirani mmoja alipita barabarani. Alitazama mbele kama askari.

Saa moja, Kalina aliingia. Alikuwa na maua, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Nimekuja kwa hasira, Dimitra," alisema, "lakini nimekuja."

"Hasira ya nini, dada? Watu wako wapi?"

Kalina alitoa simu yake akasoma. "Unaalikwa nyumbani kwa Dimitra. Saa kumi na moja hadi saa moja. Thibitisha idadi ya watu kabla ya Ijumaa. Nafasi ni chache."

Jikoni chungu kiliendelea kutokota.

"Nani kaandika hivyo?" Mama Dimitra aliuliza.

Ognyan alikohoa. "Programu, mama. Lakini maneno ni yangu."

"Nafasi ni chache?"

"Ni ili watu wajibu haraka."

Mama Dimitra aliketi kwenye kiti kimojawapo cha kuazima. "Miaka arobaini na mmoja lango langu liko wazi siku hii. Siku ya jina mtu haalikwi. Anayenikumbuka anakuja. Hata mjinga wa mji huu anajua. Sasa nimewaandikia jirani zangu saa ya kuingia na saa ya kutoka. Radko amesemaje?"

"Usiulize," Kalina alisema.

"Nauliza."

"Amesema Dimitra amekuwa ubalozi. Huingii bila karatasi."

Mzee Radko alikuwa mfuga nyuki wa nyumba ya tatu. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya familia kutumia Tefter, na mtu wa kwanza kila mwaka kuingia katika lango lile.

"Lakini mama," Ognyan alisema polepole, "programu ilikuuliza kwanza. Ulibonyeza Sawa."

"Nilibonyeza Sawa kwa sababu kitu chako kilikuwa kimekaa juu ya orodha yangu. Nilikuwa dukani, natafuta kiasi cha unga. Mtu akikuzibia mlango unamwambiaje? Unamwambia sawa, sawa, nipishe."

"Basi kesho tutaongeza kitufe cha kuzima mialiko."

"Hapana," Vesela alisema.

Wote walimgeukia. Hakupaza sauti.

"Sitengenezi kitufe cha kuzima kitufe. Miezi mitano nimekusikiliza. Nimeijaza nyumba ya watu takataka zenye rangi, na mimi mwenyewe nilijua. Kuanzia leo siongezi kitu mpaka mtu anionyeshe kinamsaidia nani."

"Barua zinaonyesha," Ognyan alisema.

"Barua zinaonyesha nani anapenda kuandika barua," Kalina alisema. Kila Alhamisi aliwafundisha wazee matumizi ya simu, na alikuwa ameona mengi. "Njooni darasani kwangu wiki hii. Sharti ni moja. Mkae nyuma, mfunge midomo."

*

Alhamisi, wazee wanane waliketi kwenye meza ndefu ya nyumba ya kusomea. Radko alikuwemo. Alimsalimia Vesela. Alipofika kwa Ognyan, aliusalimia ukuta.

"Kila mmoja aandike kwenye Tefter jambo moja la kesho," Kalina alisema. "Moja tu."

Radko alitaka kuandika "sukari ya nyuki". Alibonyeza, ikaja kalenda. Akarudi. Akabonyeza tena, zikaja rangi. Alichagua kijani ili imwache. Ikamuuliza umuhimu, wa kwanza hadi wa tano. Ognyan aliinuka kidogo kitini. Kalina alimwonyesha kidole, akaketi.

"Mnaniuliza umuhimu," Radko aliiambia simu. "Waulizeni nyuki."

Alibonyeza mara kumi na moja. Mwishowe alikosea akaikata sukari badala ya kuihifadhi, na nyota ya dhahabu ikapasuka kwenye kioo.

"Nimepewa nyota," Radko alisema. "Ya nini? Sukari bado iko dukani."

Wazee walicheka. Radko alitoa mfukoni kijitabu chenye madoa ya nta na penseli fupi, akaandika maneno yake matatu, akakirudisha. "Hiki hakinipi nyota," alisema, safari hii akimtazama Ognyan machoni. "Wala hakiwaandikii jirani zangu."

Darasa lilipoisha Ognyan alikuwa mwekundu masikioni. "Wamezoea vibaya," alianza.

"Nyamaza bado," Kalina alisema. "Umeona nini?"

Ognyan alihesabu kwa vidole. "Wote wanane walikuja kuandika. Watano hawakuweza."

"Hapo ndipo pa kuanzia," Kalina alisema. "Kazi iliyomleta mtu ndiyo ikae mbele, peke yake. Zana nyingine ziweke ndani, anayezihitaji azifuate. Na usikiguse kitu cha mtu wa tatu. Orodha ni yangu. Jirani si sehemu ya orodha yangu."

"Kwa hiyo tusiongeze kitu kamwe?"

"Nani kasema? Vesela, mwombe Radko kijitabu chake."

Radko alikuwa bado anavaa koti. Alimpa Vesela kijitabu. Vesela alifunua kurasa. Jumatatu, kagua mizinga. Jumatatu, kagua mizinga. Jumatatu nane, mkono uleule, maneno yaleyale.

"Unaandika upya kila wiki, mzee?" aliuliza.

"Nani ataniandikia? Nyuki?"

Vesela alimtazama mumewe. "Hili hakuna aliyetuandikia barua kulihusu. Na ndilo linalohitajika."

*

Wiki tatu Vesela alifanya kazi ya kuondoa. Ni kazi ngumu kuliko ya kuongeza, kwa sababu kila kitu kina mwenyewe anayekililia. Hakukisia. Walipiga simu kwa watu sitini, wakauliza swali moja: jana ulitumia nini? Nyota zilitumiwa na wawili. Zikaondolewa. Ngazi za umuhimu zikafuata. Mialiko ilikuwa imeondolewa kabla ya vyote, bila kuulizwa mtu. Rangi zilibaki, kwa sababu mwalimu mmoja wa Ruse alitenganisha madarasa yake kwa rangi. Lakini zilihamia ndani: uweke kidole kwenye mstari ukishikilie, ndipo zinatokea. Hapohapo ndani waliweka neno moja jipya: "Rudia." Kagua mizinga, kila Jumatatu. Andika mara moja, upumzike.

Ukurasa wa mbele ulirudi mtupu, na orodha juu yake.

Mtu wa Varna aliandika kwa hasira kwamba rangi zake zimefichwa, akahama. Ognyan alimshukuru kwa muda wake na kumtakia heri. Kisha kampuni moja kubwa ya mji mkuu iliandika. Ilitaka Tefter kwa wafanyakazi mia tatu, mradi kiongezwe kitu kimoja: mabosi waone orodha za watu wao.

Vesela alisubiri mumewe aseme neno "kukua". Ognyan aliandika jibu mwenyewe, akamsomea.

"Tefter ni daftari la mtu mmoja. Bosi naye achukue lake."

"Umeandika hivyo kweli?"

"Nimeshatuma."

Lakini lango lilikuwa bado linauma. Vesela alishauri wawatumie jirani ujumbe wa kuomba radhi.

"Ujumbe ndio ulioharibu," Mama Dimitra alisema. "Ognyan ana miguu, atembee."

Ognyan alitembea nyumba thelathini na nne kwenye theluji. Kila mahali alisema maneno yaleyale: kosa ni langu, si la mama. Aliyetaka, alimwekea toleo jipya. Siku ya jina lake mwenyewe ilikuwa inakaribia, tarehe ishirini Desemba, sikukuu ya Ignazhden. Mama yake alimkataza kuitaja. Kuitaja kungekuwa kualika.

Radko alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alimpa simu awekewe toleo jipya, akaipokea tena, akasema, "Nimesikia." Akafunga mlango.

*

Siku ya Ignazhden, mtu wa kwanza kuingia nyumbani kwako ndiye anayekuletea bahati ya mwaka mzima. Kalina alikuwa amesema wazi: "Mimi siji kwanza. Wa kwanza awe mliyemkosea. Au asiwepo."

Mama Dimitra alifungua lango alfajiri, akaliegemeza jiwe. Mezani paliwekwa maharage, mkate na asali. Watatu wakaketi. Hakuna aliyekubali kwamba anatazama dirishani, na wote walikuwa wanatazama dirishani.

Saa mbili na nusu theluji ililia chini ya viatu vya mtu.

Radko aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa na kijiti cha mplamu mkononi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, akafungua kijimlango chake, akachokoa moto kwa kijiti, kama ilivyo desturi ya mgeni wa kwanza, mpaka cheche zikaruka.

"Cheche hizi zote ziwe vifaranga," alisema. "Ziwe wanakondoo. Ziwe afya ya nyumba hii."

"Amina," Mama Dimitra alisema.

Kisha mzee alivua glovu, akatoa simu, akaisogeza mbali na macho. Vesela aliona kioo kutoka alipokuwa. Orodha ya mistari minne, hakuna kingine. Wa kwanza ulisema: "Kwa Dimitra, kabla ya watu wote." Chini yake neno dogo: kila mwaka.

Radko aliupitishia kidole. Mstari ukakatika. Alisubiri kidogo, akiitilia shaka ile simu. Nyota haikuja.

"Vizuri," alisema. "Kahawa iko wapi?"

Baridi ilikuwa inaingia. Vesela aliinuka akafunge lango.

"Liache," mama mkwe wake alisema. "Nasikia wengine."