Kisanduku Alichokataa Kukirudisha

— Tata Mwenze, iko nakataa tena kugeuka.

— Isukume kidogo, Mignonne.

— Roboti ya kusukuma na mukono, tata, si njo mukokoteni?

Atelier nzima, karakana ya shule, ikacheka, na mwalimu Mwenze akacheka nayo. Lakini keshokutwa roboti ile ilitakiwa kutembea mbele ya shule zote za Kolwezi, na mkuu wa shule alishasema wazi: isipotembea, atelier inageuka stoo ya saruji.

Timu ya mashine hiyo ilikuwa imelala miaka ishirini na mmoja, tangu mwaka ule migodi iliposimama na Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wakafukuzwa Katanga. Siku zile shaba iliibwa hadi kwenye nyaya za taa, kwa hiyo timu ikajiwekea sheria: jioni kila mtu analala na kipande chake cha mashine nyumbani, na anayetoka kwenye timu anakirudisha atelier. Mwenze, wakati huo mwanafunzi, alilala na magurudumu. Kisanduku cha kuongozea kililala kwa Mbombo, binti wa karani wa Kikasai, ambaye Mwenze alimpenda hadi akawa anakosea hesabu makusudi ili amsahihishe. Hajaoa mpaka leo.

Simu ikatetema mezani.

"Nimeona picha ya mashine yetu kwa Facebook. Kisanduku kiko na mi. Nilirudia Katanga, nauzisha bitu bya umeme Tenke. Mbombo."

Akausoma ujumbe mara nne, kisha akapiga.

— Mbombo, ni mi.

— Najua. Uko napumua sawa lori inapanda kilima.

— Mume anakuacha ukuye?

— Mume alikufa, iko miaka sita. Nitaleta kisanduku, Mwenze. Sikusema nakuya kwako.

Kesho yake pikipiki ikamshusha Mbombo mlangoni. Mvi zilikuwa zimeingia, macho ni yaleyale ya uchokozi. Akafungua kitambaa, kisanduku hiki hapa, lakini akakishikilia.

— Nilikungoja gare ya treni siku tisa. Tulilala chini, mi na mama na masufuria yetu. Haukukuya.

— Zote tisa nilikuwa hapa. Sheria ilisema anayetoka anarudisha kipande. Nikasema atakileta, tutaagana.

— Toka hapa mpaka gare ni dakika ngapi?

— Makumi mbili, mama, kwa miguu, Mignonne akajibu.

— Niliogopa, Mwenze akasema. Majirani walikuwa naangalia nani anasalimia Bakasai. Nikajificha nyuma ya sheria.

Mbombo akamtazama, akatazama wanafunzi waliojifanya wanakaza skrubu.

— Njo neno nilitoka Tenke kusikia.

— Na we, juu ya nini haukukirudisha?

— Ningekirudisha, ningekuwa nimetoka kwa timu. Mi sikutoka. Mi nilifukuzwa.

Akavua koti, akaomba bisibisi. Akakwaruza kutu, akaunga waya mbili, akabonyeza. Roboti ikageuka kushoto. Akabonyeza tena, ikageuka kulia, ikamkimbiza Mignonne hadi juu ya benchi, na kelele za wale watoto zikamtoa mkuu wa shule ofisini.

— Saruji yenu itafute pengine, tata, Mbombo akamwambia, maana wanafunzi walishamsimulia habari ya stoo.

Jioni vipande vikagawanywa kama zamani. Mwenze akasimama na magurudumu mkononi, akiogopa kutazama meza: Mbombo akikiacha kisanduku pale, basi ametoka kweli kwenye timu. Alipothubutu, meza ilikuwa tupu. Kisanduku kilikuwa kwenye mkoba wa Mbombo.

— Nitalala kwa dada Fidélie, hapa kwa mtaa wa Musonoi. Kesho niko hapa mbele ya onyesho kuanza.

— Mbombo, magurudumu haya yamechoka kulala peke yake.

— Basi kisha onyesho ukuye Tenke na bandugu yako, mubishe hodi kwa kaka yangu Muamba.

Akapanda pikipiki, akageuka.

— Na utoke mapema, Mwenze. Tenke si ya dakika makumi mbili.