Mgeni wa Silinda Nane

Kosa la Muhidini lilikuwa dogo, na sijui mtu wa pwani ambaye asingelifanya. Aliitikia hodi.

Ilikuwa mwaka 1998, saa saba mchana, jua la Mtwara linapowafukuza hata kuku uvunguni. Muhidini alikuwa kalala chali chini ya gari, uani kwake Magomeni, anakwangua kutu. Akasikia, "Hodi." Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelelewa. Tangu mkewe, marehemu Rukia, azikwe, hodi katika nyumba ile zilikuwa za kuhesabika, basi moyo ukamruka, akajibu bila kufikiri: "Karibu, karibu! Pita ndani!"

Mlango wa gari ukafunguka juu yake, ukafungwa. Springi zikashuka kidogo, kama mtu kaketi. Alipojivuta nje, kiti kilikuwa kitupu, na mlango wa ua ulikuwa na komeo lake vilevile.

"Masikio ya uzee haya," akajicheka, akarudi kazini.

Gari lenyewe lilikuwa Shevroleti ya silinda nane, pana kama kitanda cha maharusi, iliyotelekezwa na tajiri mmoja wa korosho kwenye banda kule Kitaya. Ilikaa humo miaka ishirini na tano, popo wakazaa ndani. Wenye shamba walimpa bure, tena wakamsaidia kuipandisha kwenye lori. Hapo ndipo angejiuliza. Kitaya bati moja lililotoboka lina wenyewe watatu, iweje gari zima likose wa kuligombania?

Lakini Muhidini alikuwa na hamu. Miaka thelathini aliendesha malori ya watu, na sasa alitaka chake. Alikata sakafu iliyooza akachomelea bati la pipa, akaweka rejeta ya Land Rover, akainyanyua kwa springi za lori ili isikwame mchangani. Siku ya Idi angewapakia binti yake Mwanaamina na wajukuu wote mpaka Mikindani, honi juu. Mwanaamina aliolewa Ufukoni, na Ufukoni si Ulaya, lakini wiki mbili zilikuwa zimepita bila yeye kuonekana. Mzee alikuwa mpweke, na upweke ule ulimuuma.

Kazi ikaanza kwenda vizuri mno. Akiwa chini ya gari akinyoosha mkono kutafuta spana ya kumi na nne, spana ilikuja yenyewe kiganjani. Plagi zilizogoma tangu asubuhi zililegea akizigusa. Ndani ya gari kukawa na harufu ya asumini, na chini yake harufu nyingine, kama nyama iliyosahauliwa chunguni. Aliogopa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuzungumza na kile kiti. Mtu mpweke akipata wa kumsikiliza hamuulizi kabila. Alikieleza kuhusu Rukia, kuhusu safari za Masasi, kuhusu mtoto asiyemjali baba yake. Kiti kilikuwa kikinesa taratibu, kama mtu anayetikisa kichwa kwa huruma.

Na watu wakakoma kuja kabisa. Jirani yake Gaudensi, aliyekuwa akija kila jioni kuonja chai na kubisha habari za redio, akawa anapita mbali akiangalia pembeni. Muhidini alisononeka. Hakufikiri kuuliza.

Mpaka alasiri moja, yumo jikoni anasonga ugali wake wa muhogo, akasikia nje ya ua, "Hodi, baba!" Alikuwa Mwanaamina. Akafungua kinywa kuitikia, na kabla hajatoa neno akaisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kutoka ndani ya gari, sauti yake hasa, na kikohozi chake cha asubuhi, na ule mkwaruzo wa sigara alizoziacha zamani, ikisema polepole kama mtu aliyekwisha kuchoka na watu: "Sitaki mgeni. Rudi ulikotoka." Mwiko ukamponyoka.

Alikimbia akafungua komeo. Mwanaamina alikwisha kuufikia mwembe wa jirani, bakuli la mchuzi mkononi, analia.

"Mwanaamina! Mwanangu!"

"Mara ya nne, baba! Mara ya nne unanirudisha mlangoni. Nimekukosea nini?"

"Wallahi si mimi."

"Sauti yako siijui? Ni nani basi?"

Nyuma yao, uani, mtu akacheka kwa sauti ya Muhidini, akamalizia kwa kukohoa. Mwanaamina akamshika baba yake mkono.

"Baba," akanong'ona, "uko na nani humo?"

Asubuhi akaletwa Bi Mwanaisha wa Mikindani, mganga mwembamba mwenye ulimi mkali. Alilizunguka gari mara tatu na chetezo cha ubani, makaa yakazimika yote kwa mpigo. Mwanaamina akatumwa kwa Gaudensi kuomba mengine.

"Nani alimkaribisha?" mganga aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Basi mimi simtoi. Mgeni haondoshwi na jirani, anaagwa na mwenyeji. Ingia, kaa kwenye usukani, mwambie kwaheri kwa kinywa chako. Naye atakuaga, kwa adabu zote. Wewe nyamaza! Ukimjibu 'ya kuonana' umempa ahadi, na hao hawasahau ahadi."

Muhidini akaingia. Asumini ilikuwa nzito hata ikamkaba, na ile harufu ya chini yake ikapanda nayo, na pembeni mwake, mahali ambapo hakukuwa na mtu, kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea na kulowa, na pumzi ya mtu asiye na haraka ilikuwa ikimgusa sikio, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba hakutaka iondoke. Akalia. Kisha akasema, "Kwaheri."

Springi zikapanda. Mlango ukafunguka. Sauti laini ikapita juu ya ua: "Haya, kwaheri."

Muhidini akauma ulimi mpaka akaonja damu. Bi Mwanaisha akaanza kutabasamu.

Nje ya ua, Mwanaamina, binti aliyelelewa akaleleka, akaitikia: "Ya kuonana, dada!" Akaingia na makaa kwenye kigae. "Mgeni wenu mbona kaondoka mbio? Hata sura sikuiona."

Bi Mwanaisha akaacha kutabasamu, akaokota chetezo chake.

Muhidini alihamia Ufukoni siku ileile, gari akaliacha lioze. Nyumba ya Mwanaamina ilikuwa ya watu, majirani wakiingia na kutoka. Sasa mtu akibisha haitikiwi mpaka mzee atoke, amzunguke, amtazame nyayo kama si kwato. Mwanzo watu walicheka, kisha wakanuna, kisha wakaacha kuja. Imebaki hodi moja tu, ya kila mchana, laini, na nyumba nzima huinyamazia, mzee akiwa kamziba mjukuu mdogo mdomo kwa kiganja.