Kengele ya Machimboni

Sisi watoto wa Machimboni hatukwenda shule kwa barabara. Tulipita relini. Siyo ile reli kubwa iendayo Kigoma na Mwanza, bali tawi lake lililokufa, lililochepuka nyuma ya kota za wafanyakazi wa reli, likapita ubavuni mwa shule yetu na kuishia kwenye shimo kubwa ambako zamani Mjerumani alichimba kokoto za kutandika njia. Mataruma, vile vyuma vinavyolaliwa na reli, yalikuwa yameliwa na kutu na nyasi zimeota katikati. Asubuhi chuma kilikuwa baridi nyayoni. Mchana kilichoma, nasi tulikimbia kwa ncha za vidole tukishindana nani atafika kwao bila kushuka chini.

Baba yangu, Sylvester, alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea na nyundo na spana wakikaza njia. Haya ninayoyasimulia yalimpata jirani yetu, Mwalimu Tufaha. Mwisho wake niliuona mwenyewe. Mengine alinieleza yeye, nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, na alinieleza mara moja tu.

Mwalimu Tufaha alikuwa wa ukoo wa Nabhan, Waarabu wa Tabora mjini. Baba yake alikufa, kisha ndugu zake wakaondoka mmoja mmoja kwenda Maskati, hadi nyumba yao ikabaki na popo. Walimwita awafuate. Akakataa.

"Nikafanye nini kule?" alimwambia mama yangu. "Mimi ni Mnyamwezi tu mwenye nywele ndefu."

Mama alicheka, na yeye akacheka. Lakini jioni tulikuwa tukimwona amekaa peke yake barazani pa nyumba ya mwalimu, nyuma ya madarasa, anatazama ile reli iliyokufa kama mtu anayengoja mgeni.

Huo ulikuwa mwaka ambao watu wa vitongoji walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Kila wiki lori lilipita limebeba milango, kuku na vitanda. Darasani madawati yalianza kuwa wazi. Rafiki zangu waliondoka bila kuaga.

Kengele ya shule ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, na ringi hiyo ilipasuka. Mwalimu mkuu, Mwalimu Marko, akaitisha wazazi siku ya kazi za kujitegemea. Watu wa gengi wakaenda hadi mwisho wa reli iliyokufa, mdomoni mwa shimo, kukata kipande. Hawakuhitaji kukata. Walikikuta kimelala kwenye majani, urefu wa mkono wa mtu, kimetobolewa tundu upande mmoja, kana kwamba mtu alikiandaa kitundikwe. Wakafurahi. Wakakitundika kwenye mkwaju mbele ya ofisi.

Kilikuwa na sauti nzuri mno. Nyembamba, ndefu, inatambaa ardhini kabla ya kupanda juu. Baba alisema waliisikia hadi stesheni.

Siku za mwanzo hatukuona kitu. Kisha watoto wa madarasa ya juu, ambao husimama nyuma mstarini, wakaanza kusogea mbele. Mwalimu wa zamu aliwarudisha kwa fimbo. Kesho yake wakasogea tena. Walipoulizwa, mmoja akasema nyuma kuna baridi. Mwingine akasema nyuma kuna watu.

Mwalimu Marko alikasirika. Alikwenda mwenyewe kuangalia. Sisi tulikuwa tumefagia uwanja asubuhi hiyo, mistari ya fagio bado inaonekana. Nyuma ya mstari wa mwisho kulikuwa na nyayo. Pekupeku. Kubwa, za watu wazima, zimesimama sambamba kabisa. Hakukuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka.

Akazifuta kwa kiatu. "Vijana wa mtaani," akasema. Lakini tangu siku hiyo gwaride la asubuhi likawa fupi.

Ikaja likizo ya Juni. Mwalimu Marko akapanda baiskeli kwenda kwao Sikonge, walimu wengine nao wakatawanyika. Mwalimu Tufaha akabaki kulinda shule, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Aliniambia kwamba hajawahi kusikia kimya kama kile. Upepo ulikuwa umekufa. Alikaa siku nzima bila kutamka neno, na jioni alipojaribu kuimba, sauti yake mwenyewe ilimshtua. Akawa anaongea na sufuria. Akawa anaandika ubaoni na kufuta.

Alasiri moja, jua likiwa bado kali, alitoka nje, akachukua kipande cha chuma cha kupigia, akagonga kengele. Hakuwa na sababu. Alitaka tu kusikia kitu ambacho kwa kawaida kikilia, watu huja.

Na watu wakaja.

Kwanza aliona vumbi jeupe likitambaa juu ya reli, kutoka upande wa shimo. Halikuwa na upepo nyuma yake. Lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea. Likavuka uwanja. Likatua.

Akasikia pumzi. Pumzi nyingi, nzito, za watu waliotoka kubeba kitu. Hakuona mtu. Lakini mchanga mbele yake ulikuwa ukibonyea. Unyayo. Unyayo. Unyayo. Mstari ukajipanga, ukanyooka, ukatulia.

Alitaka kukimbia. Kisha, aliniambia, akaona aibu. Wale walikuwa wakubwa wake, naye amewaita, halafu amenyamaza. Akanong'ona:

"Shikamooni."

Ikajibu sauti ya watu wengi kwa pamoja, kutoka chini, usawa wa magoti yake.

"Marahaba."

Usiku huo alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Kesho yake akagonga tena.

Sisi kwetu tuliisikia kengele. Mama aliacha kutwanga. "Likizo hii, nani anapiga kengele?" Baba akasema labda mwalimu anafukuza nyani. Siku iliyofuata ikalia tena, saa ile ile ya alasiri. Na iliyofuata. Mwalimu Tufaha hakuonekana tena bombani kuteka maji. Hakuja dukani.

Aliyesema la maana alikuwa Fakhrudin, mwenye duka la karibu na stesheni. Tulikwenda na baba kununua mafuta ya taa. Kengele ikalia kwa mbali, na Fakhrudin akaacha kumimina. Mafuta yakafurika kwenye chupa.

"Sylvester, hicho chuma mmekitoa wapi?"

"Kule shimoni. Mwisho wa reli."

Fakhrudin akatazama nje, kisha akasogea karibu. Alinong'ona, lakini nilisikia yote.

"Marehemu baba yangu aliuza unga kambini kule, wakati wa Mjerumani. Kila asubuhi mnyapara anagonga chuma, vibarua wanapanga mstari, wanaitwa majina. Siku moja ukingo wa shimo ukaanguka, ukafunika gengi zima. Wenzao wakachukua chuma kile, wakawa wanakigonga juu ya mawe. Kutoka chini wakasikia kugongwa. Wanajibu. Wapo hai." Akapangusa mafuta mezani. "Bwana mkubwa akasema kazi isisimame, kokoto zinangojewa. Hawakufukuliwa. Wale wa juu waligonga, wale wa chini wakajibu, siku nyingi. Halafu wakanyamaza. Baba alisema mnyapara akakitupa chuma kile palepale na kukimbia. Hakuna aliyekigusa tena."

Baba alinishika mkono tukatoka. Alisahau hata chupa ya mafuta juu ya meza.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshafunga matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga kwenye kitambaa ampelekee mwalimu. Baba akasema tunakwenda wote, sasa hivi. Sijui kwa nini sikuachwa. Nadhani hakutaka nibaki peke yangu.

Tulipita relini. Jua lilikuwa likielekea kuzama na vivuli vyetu vilikuwa mbele yetu. Nilikanyaga chuma kwa mguu wangu mtupu. Kilikuwa kinatetemeka, kama reli kubwa inavyotetemeka treni inapokuja.

Mwalimu Tufaha alikuwa amesimama chini ya mkwaju. Alikuwa amekonda, mtandio umemwangukia mabegani. Uwanja mbele yake ulikuwa mtupu. Alikuwa anaita majina.

"Mihambo."

 Kisha, kutoka ardhini, "Nipo."

"Lugembe."

"Nipo."

"Malunde."

"Nipo."

Sauti hazikuwa kali. Zilikuwa za watu waliochoka sana. Mama alinishika bega mpaka kucha zikaingia. Mwalimu hakuwa na karatasi mkononi. Aliyatoa majina kichwani, polepole, na kila jina alilitaja kwa upendo, kama anavyotutaja sisi darasani.

Kisha akageuza uso, akatazama upande wetu. Sidhani kama alituona.

"Leokadia Sylvester."

Hilo ni jina langu.

Mtoto wa shule akiitwa na mwalimu wake hafikirii. Nilifungua mdomo. Kiganja cha mama kikanifunika, kwa nguvu, hadi meno yakakata mdomo na nikaonja damu.

Kimya.

"Leokadia Sylvester," akarudia.

Mchanga ulianza kubonyea. Hatua moja kutuelekea. Nyingine. Zikasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia baridi usoni. Zilingoja. Sikupumua. Baba alikuwa ananong'ona sala na hakuweza kuimaliza. Kila mara alirudi mwanzo.

"Hayupo," akasema Mwalimu Tufaha hatimaye.

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Ile baridi ikaondoka usoni pangu.

"Tufaha Nabhan," akasema.

Na akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo iliyojaa furaha: "Nipo."

Akaweka chini chuma cha kupigia. Akageuka, akaanza kutembea juu ya reli kuelekea shimoni. Vumbi jeupe lilimtangulia na vumbi jeupe lilimfuata.

Baba alikimbia. Alimkamata kiunoni kabla hajafika penye mteremko. Alikuwa mwanamke mdogo, na baba alizoea kuinua mataruma ya chuma, lakini alituambia baadaye kwamba ilikuwa kama kuvuta mti wenye mizizi. Mwalimu hakupiga kelele. Alinong'ona tu, "Wananingoja. Sylvester, niache, wananingoja."

"Na sisi tunakungoja," baba akasema. "Twende nyumbani, mwalimu. Mama Leokadia amekuletea matobolwa."

Alilirudia hilo, tena na tena, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mama naye akaja, akamshika mkono mmoja, nami nikamshika mwingine. Ulikuwa baridi na mkavu. Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Halafu akawa mwepesi, na baba akambeba mgongoni hadi kwetu.

Alilala kitandani pangu hadi jua la kesho yake lilipokuwa juu. Alipoamka aliuliza swali moja.

"Wamekwenda wote?"

"Wamekwenda," mama akamwambia.

Akageukia ukutani, akalia. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kile hakikuwa kilio cha hofu.

Siku hiyo baba na wenzake wa gengi walikifunga kile chuma cha kengele kwa magunia, kisije kikagongana na kitu njiani, wakakibeba hadi shimoni. Shehe alikuwepo, katekista alikuwepo. Wakachimba walipoweza kuchimba, wakakutana na mwamba, wakakizika hapo. Mwalimu Tufaha alimtajia baba majina yote, na baba akayasema kwa sauti moja baada ya jingine, akiongeza kila mara, "Nenda kapumzike." Hakuna aliyejibu.

Shule ilipofunguliwa Mwalimu Marko alileta ringi nyingine ya lori. Watoto walisimama nyuma bila kulalamika. Mwalimu Tufaha aliomba uhamisho, akapelekwa Kigwa, akaolewa huko na fundi wa redio aliyefiwa na mkewe. Nilipokwenda kumtembelea, ndipo aliponieleza haya. Nyumba yake ilikuwa na makelele ya wajukuu wa mumewe, redio tatu zimefunguliwa kwa pamoja. Hakutaka hata moja ipunguzwe.

Lakini kuna jambo sikumwambia, wala mama hakuwahi kumwambia.

Wiki aliyohama, mama alikwenda kumsafishia nyumba ya mwalimu kabla mwingine hajaingia. Nilikwenda naye kubeba ndoo. Ilikuwa nyumba mpya. Wazazi walikuwa wameijenga mwaka uliotangulia, na sakafu ya chumba cha kulala ilikuwa saruji ngumu, baba mwenyewe aliisawazisha kwa mwiko. Tulisogeza kitanda tufagie. Mama akasimama na fagio mkononi.

Kukizunguka kitanda, saruji ilikuwa imelika. Vishimo vipana, laini, vinavyong'aa kidogo, kama vile vinavyopatikana kwenye jiwe ambalo watu wamelikalia tangu enzi za mababu. Vilikuwa vingi, vimejipanga kama watu walioketi bega kwa bega, wote wakielekea mahali alipokuwa akiweka kichwa chake.

Mama alinivuta nje haraka. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuona, karibu na mlango, mwishoni mwa safu, kimoja ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kulika.

Kilikuwa kidogo. Kipimo cha mtoto wa umri wangu.