Baba Mdogo wa Mtandaoni

Nurzat alikuwa akikanda unga. Binti yake Begimai akaingia mbio kutoka shule, hata viatu hakuvua.

"Mama, nimempata baba mdogo!"

"Baba mdogo yupi? Babako kazaliwa peke yake."

"Wa kwenye kompyuta ya shule! Anawajua babu zetu wote saba, kwa majina. Anataka picha yangu. Jumapili tukutane mnadani, kwenye farasi. Kasema nisikwambie, eti tukushtukize."

Nurzat akaacha kukanda. "Mjinga wewe! Nani alikuruhusu?"

Mtoto wa miaka tisa akanywea. Nurzat akamshika mkono, unga ungali vidoleni, wakaenda shule. Mtandao ulikuwa na miezi miwili tu kijijini kwetu.

"Mwalimu, ng'oa mitambo yako! Nusura mwanangu aibwe!"

Mwalimu Toktosun alisoma ujumbe wote, hakufuta hata mmoja. Akamuuliza Begimai kwa upole, "Nani aliwataja babu kwanza?"

"Mimi. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia wote saba."

"Basi amekurudishia ulichompa."

Nurzat aliona haya. Kwetu mtoto asiyewajua babu zake wa vizazi saba huiaibisha nyumba. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Begimai kumtajia kila mgeni anayeuliza.

"Mgeni wa mlangoni unamwona uso, dada, na wewe upo," mwalimu alisema. "Huyu hatumjui. Mtandaoni mtoto asitaje ukoo wala kwao, asitume picha. Na mtu akisema 'usimwambie mama', hapo hapo amwambie mama. Kosa langu ni kuwaacha peke yao. Huyu namfungia njia, na ujumbe wake naupeleka polisi."

Wakirudi, Begimai aliuliza, "Mama, nikikosea tena nikwambie?"

Swali lilimchoma Nurzat. Mtoto huyu alikuja kusema mwenyewe, naye akamwita mjinga. Angenyamaza, Jumapili ingefika.

"Niambie kwanza," alisema. "Kugombana tutagombana baadaye."

Siku hizi skrini zote zinaelekea meza ya mwalimu, na wazazi hukaa darasani kwa zamu. Juzi ilikuwa zamu ya Nurzat. Msichana mmoja, Saikal, akanyoosha mkono.

"Mama Begimai, kuna mtu ananiomba picha."

Nurzat hakufoka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Umefanya vizuri kuniita, mwanangu. Hebu tusome pamoja."