Kila Jumapili Nilimwambia Mama: Hakuna Anayetutafuta

Nina miaka thelathini na mbili, naishi Goma, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Sijaolewa. Nilikuwa na mama mmoja na kaka mmoja, na leo nimebaki mwenyewe... Ndugu wasomaji, msinihurumie kabla hamjasikia niliyoyafanya.

Vita vilipotufukuza kijijini kwetu Masisi, mimi na mama tulikimbilia Goma. Kaka yangu Bahati alirudi nyuma kufungua ng'ombe, na hatukumwona tena. Mama aliitwa Mama Bahati tangu siku alipomzaa. Hakuna jirani aliyemwita vingine.

Kanisani kwetu kulikuwa na wamama wengi waliopotezana na watu wao. Nikajitolea! Nikatengeneza tovuti, kila mama na ukurasa wake, picha yake na nambari ya simu, ili jamaa zake popote walipo wampate. Mchungaji alinisimamisha mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Mama alilia kwa furaha.

Makofi yale yaliniharibu.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, Aline, tuliyekuwa tukitumia naye chumba kimoja cha kazi pale mtaa wa Birere. Ndiye aliyeunganisha tovuti yangu na zana za wasimamizi wa tovuti, zile za bure zinazokuonyesha watu wameandika maneno gani kwenye utafutaji na kurasa zako zimeonekana wapi. Zana zikalalamika siku ya kwanza tu: kurasa zangu zote zilikuwa na kichwa kimoja, "Wakimbizi wa Goma", na hazikuwa na yale maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa kwenye utafutaji. Na ndani nilikuwa nimeandika majina ya wamama kama yalivyo kwenye karte zao za uchaguzi, zile kadi za kupigia kura.

Aline alishika kichwa. "Furaha, nani kule Masisi anajua mama yako kwa jina la karte? Andika Mama Bahati! Weka juu kabisa, kwa kichwa cha ukurasa!"

Nikamcheka. Nilimjibu kwamba tovuti ya watu waliosoma haiandiki majina ya kuitana kisimani. Kiburi gani kile, jamani?

Kusema kweli, sikutaka kusumbuka. Nilikuwa natafuta mikataba kwenye ofisi za mtaa wa Himbi, na kule wanataka kuona tovuti yako ina wageni wengi. Nikaanza kujaza tovuti ileile habari za mpira na bei ya mafuta. Wageni wakaongezeka! Nikawa natembea na mchoro wa wageni wangu unaopanda, najiona mkubwa. Kurasa za wamama sikuzigusa tena.

Mama alikuwa anaugua kifua. Kila Jumapili tukitoka ibadani aliniuliza neno lilelile: "Furaha, kuko mutu anatutafuta?"

Nami nilimjibu: "Nimeangalia, mama. Hapana mutu."

Sikuwa nimeangalia! Hata mara moja! Ripoti ya zile zana ilikuwa pale, ya kubofya tu, na mimi nilikuwa namdanganya mama yangu mzazi usoni... Mwanzoni alisema tungoje. Baadaye akawa anaitikia tu kwa kichwa. Jumapili moja hakuuliza. Alisema, "Basi Bahati alikufa," akaacha kula vizuri tangu siku hiyo.

Alifariki kabla ya mwezi kuisha. Alikufa akiamini mwanawe alimtangulia.

Siku ya tatu ya kilio, wamama wakiwa bado wamekaa sebuleni, nilifungua kompyuta ili niandike kwenye ukurasa wake kwamba ametutoka. Sijui nini kilinisukuma nifungue ile ripoti kwanza. Maneno yaliyotafutwa yakajipanga mbele yangu:

"Mama Bahati wa Masisi." "Mama Bahati yuko wapi." "Mama Bahati mkimbizi Goma." Wiki baada ya wiki! Nikatazama nchi: Uganda. Ukurasa wetu ulikuwa umeonekana mbali mno kwenye orodha ya majibu, chini kule ambako hakuna mtu anayefika. Waliobofya: sufuri. Na mama hakuwa peke yake... Mama Neema, Mama Espérance, wamama walewale waliokuwa sebuleni kwangu wakinifariji, wote walikuwa wanatafutwa kwa majina niliyoyadharau!

Nilipiga ukelele. Walidhani ni uchungu wa msiba.

Nikarekebisha kila ukurasa, kichwa chake na maelezo yake, jina la kuitwa juu na la karte chini. Nikaomba zana zipitie upya kurasa zote. Lakini kwa mama, mkono ulikataa kuandika kwamba amekufa. Niliandika: "Mama Bahati wa Masisi, Goma." Nikaacha hivyo. Hata hapo nilikuwa mwoga!

Siku ya kumi na moja baada ya kurekebisha, simu ililia, nambari ya Uganda.

"Ni Furaha? Ni mimi Bahati! Nimeona picha ya mama! Umupatie simu, nimusikie!"

Ningesema nini, wasomaji? Nilisema ukweli wote, mpaka zile Jumapili. Kisha akauliza polepole: "Aliuliza kila Jumapili?" Nikasema ndiyo. Akakata.

Alivuka mpaka pale Bunagana, akaenda moja kwa moja kaburini na mtu wa kanisa, akarudi Uganda bila kupita kwangu.

Mama Neema amepata binti yake. Alinikumbatia, nikaona haya. Nawasihi ninyi mnaotengeneza tovuti za watu: mkiambiwa kuna kosa kwenye ukurasa, lirekebisheni siku hiyohiyo. Andikeni majina ambayo watu wanaitana nyumbani. Na mtu akikuuliza kama umeangalia, na hujaangalia, sema hujaangalia! Mngoje basi pamoja, mkiangalia kweli.

Nimetengeneza ukurasa mmoja zaidi. Kichwa chake ni "Furaha, dada ya Bahati wa Masisi". Kila asubuhi nafungua ripoti kuona kama kuna mtu Uganda ameandika jina langu. Leo pia, sufuri.